Namna mikroonde inavyoharakisha kutengeneza dawa za peptidi

Mutoto akishatoka tu, muganga anapiga mama sindano ya oksitosini ili damu isitoke sana. Wamama wengi wanaijua ile sindano. Lakini ndani yake muko nini, na inatengenezwa namna gani?

Oksitosini ni peptidi, maana yake munyororo wa asidi amino. Yenyewe iko na 9, zimefungana sawa shanga kwenye uzi. Mwaka 1953 Mumarekani Vincent du Vigneaud aliitengeneza ndani ya laboratware, na 1955 akapata tuzo ya Nobel. Kazi ilikuwa ndefu, juu kila hatua iliomba kusafisha upya.

Mwaka 1963 Mumarekani mwingine, Bruce Merrifield, akaleta njia nyepesi. Asidi amino ya kwanza inafungwa kwenye vipunje vya resini, kitu sawa plastiki. Unaongeza ya pili, unaosha. Ya tatu, unaosha. Munyororo unabakia kwenye kipunje, mabaki yanaenda. Naye akapata Nobel, mwaka 1984.

Shida ilibakia kungoja. Bila moto, kuunganisha asidi amino moja tu kunaweza kuomba nusu saa, saa moja ao zaidi. Ndiyo maana tangu miaka ya 1990 watafiti walijaribu mikroonde. Mawimbi yake yanatikisa chembe za ile dawa ya maji yenye vipunje, joto linapanda mbio, na kazi inaisha kwa dakika chache. Mashine hiyo haiko ile ya jikoni: inapima joto kila wakati.

Juu ya nini kupima? Asidi amino zingine haziwezi moto mwingi. Sisteini, ambayo oksitosini iko nazo mbili, inaweza kuharibika. Kwa hiyo yenyewe wanaiunganisha kwa nyuzi karibu 50, wakati zingine zinavumilia 75 mpaka 90.

Lakini tusichanganye mambo. Hata kama peptidi inaweza kutengenezwa kwa moto, oksitosini iliyo tayari inaogopa joto. OMS inashauri ilindwe ndani ya frigo, nyuzi 2 mpaka 8. Umeme ukikatika siku nyingi kwenye maternite, dawa inaweza kupoteza nguvu, na mama ndiye anapoteza damu. Basi kamati ya afya ya kwenu ikikutana, muulize: frigo ya maternite inafanya kazi?