Mbona unajipakaa vumbi? Jibu langu juu ya udhu

Wiki hii ni zamu yangu, na nimechagua swali lenye mwenzangu mmoja wa promosyo aliniuliza tarehe 27 Mei 2021, kwenye barabara ya Goma kwenda Sake. Wengi wenu mlikuwa kwenye ile barabara, kwa hiyo sitarefusha. Nyiragongo ililipuka Jumamosi usiku, tarehe 22. Ardhi iliendelea kutetemeka, na Alhamisi asubuhi tukasikia amri ya kutoka mjini. Maji ya bomba kwetu ilikuwa imekatika tangu lava ipite. Kila mtu alibeba chenye aliweza.

Ilipofika adhuhuri tulikuwa hatujavuka Mugunga. Jamaa yetu tulikuwa na bidoni moja ya lita tano, na hiyo ilikuwa ya kunywesha watoto. Ziwa liko, ndiyo, upande wa kushoto, lakini katika ile msongamano nani angeacha mizigo na wadogo zake ashuke mpaka kwenye maji? Jirani yetu mmoja, mzee wa Maniema aliyesoma chuo cha Kurani kule Kasongo, akasogelea lori moja iliyosimama. Ubavu wa ile lori ulikuwa umejaa vumbi. Akapiga viganja vyake hapo, akapangusa uso. Akapiga tena, akapangusa mikono mpaka kwenye viwiko. Halafu akatuambia, "Vijana, fanyeni vile, tuswali." Nikafanya.

Mwenzangu, ambaye ni Mkatoliki, alikuwa ananiangalia tu. Tulipomaliza akanivuta pembeni: "We mwana, mimi siku zote najua udhu ni kujisafisha mbele ya kusali. Sasa kama ni kujisafisha, mbona unajipakaa vumbi kwenye uso? Si ndiyo unazidi kuwa muchafu?"

Nilikosa jibu. Nikamwambia, "Njo sheria yetu vile," na tukaendelea kutembea. Lakini haya ilinishika. Mtu mwenye nilikuwa nimeshaanza memuari, ninajua kueleza mambo ya watu wengine kwa kurasa sitini, na kitu chenye ninafanya mara tano kwa siku tangu utoto siwezi kukieleza kwa dakika mbili. Basi hii ndiyo jibu, imechelewa kidogo.

Kwanza tuseme udhu wenyewe ni nini, kwa wale hawajawahi kuona karibu. Msingi wake ni aya ya 6 ya sura ya Al-Maida. Muislamu akitaka kuswali anaosha uso, anaosha mikono mpaka viwiko, anapangusa kichwa, anaosha miguu mpaka vifundo. Sisi wengi wa upande huu wa Kongo, kama ndugu zetu wa pwani, tunafuata madhehebu ya Imamu Shafi, naye anahesabu nguzo sita: hizo nne, pamoja na nia, na kufuata mpangilio bila kurusha. Kusukutua mdomo, kuvuta maji puani, kupangusa masikio, kurudia mara tatu, yote hayo ni sunna. Ukiwa na haraka na maji ni kidogo, unaweza kuyaacha na udhu wako ukasimama.

Sasa tuingie kwenye swali. Mwenzangu aliposema udhu ni kujisafisha, alichanganya vitu viwili ambavyo hata Waislamu wengi tunavichanganya. Wanazuoni wa fikihi wanatofautisha najisi na hadathi. Najisi ni kitu: damu, mkojo, mavi. Kinaonekana ao kinanuka, na dawa yake ni kukiosha pale pale chenye kimegusa. Hadathi si kitu. Ni hali ya mtu. Hauwezi kuiona, hauwezi kuinusa, na sabuni haiigusi.

Mfano. Umeoga vizuri kwa sabuni, umevaa nguo ya kupigwa pasi, umelala kitandani ukapitiwa na usingizi nusu saa. Udhu wako umeisha. Uchafu uko wapi? Hakuna. Mfano mwingine: umetembea kwa mvua, suruali yako imejaa matope mpaka kwenye magoti. Yale matope, kama hayajachanganyika na najisi, hayavunji udhu wala hayazuii swala. Na mfano wenye watoto wa madrasa wanachekaga kila mwaka: ukitoa upepo kwa chini, unaenda kuosha… uso! Kama ingekuwa ni habari ya usafi peke yake, tungeosha pengine.

Kwa hiyo udhu haupambani na uchafu. Unakutoa kwenye hali moja na kukuingiza kwenye hali ingine, hali ya mtu mwenye ameruhusiwa kusimama mbele ya Mungu. Usafi wa mwili unakuja pamoja nao, na ni jambo jema, sikatai. Walimu wetu wengine wanapenda sana kuhubiri kwamba udhu unaua vijidudu na kusaidia damu kutembea. Mimi hiyo njia siipendi. Kama sababu ingekuwa vijidudu, siku ile ya Mugunga ingekuwa afadhali tuswali bila kitu kuliko kupiga viganja kwenye ubavu wa lori.

Na ile ya vumbi inaitwa tayamamu. Haikuletwa siku ya raha. Mtume Muhammad alikuwa safarini na watu wake, mkufu wa Bibi Aisha ukapotea, msafara ukasimama kuutafuta, mahali hakuna maji, na watu wenyewe hawana maji. Abubakari, babake Aisha, akaja kumkaripia binti yake kwa kusimamisha watu wote. Usiku ukapita. Asubuhi ikashuka aya ya tayamamu. Halafu walipomwinua ngamia aliyekuwa akimpanda, mkufu ulikuwa chini yake. Ninaipenda hii habari kwa sababu haina kitu cha ajabu: watu wamekwama njiani, mzazi amekasirika, maji hakuna. Kama sisi tu. Na aya yenyewe, hapo hapo baada ya kutaja udongo, inasema kwamba Mungu hataki kuwatia watu katika dhiki, bali anataka kuwatakasa. Neno la kutakasa limekuja nyuma ya udongo, si nyuma ya maji peke yake.

Kuna pia habari ya Ammar bin Yasir. Alipata janaba akiwa safarini bila maji. Akafikiri: kama maji ya janaba inapaswa kuenea mwili mzima, basi udongo nao vile vile. Akajigaragaza chini kama mnyama. Aliporudi na kueleza, Mtume akamwonyesha kwamba ilitosha kupiga viganja kwenye ardhi na kupangusa uso na mikono. (Wafuasi wa Imamu Ahmad wanashika hapo, wanapiga mara moja. Sisi Shafi tunapiga mara mbili, kama alivyofanya mzee. Msigombane juu ya hilo.) Kosa la Ammar lilikuwa kosa la mwenzangu, lakini kwa upande mwingine: alifikiri kazi inafanywa na wingi wa kitu chenye kinagusa ngozi.

Kama si maji na si udongo, basi kazi inafanywa na nini? Hapa ndipo nia inaingia. Shafi ameiweka nguzo ya kwanza, inakuja pamoja na kuosha uso. Mtu akianguka ziwani nguo na yote, akaloa kila kiungo, lakini hakunuia, hana udhu. Maji ilimgusa, yeye hakwenda mahali. Wanazuoni wa Hanafi hawaweki nia kuwa sharti kwenye udhu wa maji, lakini hata wao, ukifika kwenye tayamamu, wanaidai. Vumbi bila nia ni vumbi.

Viungo vyenyewe pia havikuchaguliwa bure. Kuna hadithi sahihi, imepokewa na Abu Huraira, kwamba mtu akiosha uso, makosa yenye macho yake yaliyatazama yanatoka pamoja na maji, mpaka tone la mwisho. Akiosha mikono, yanatoka yenye mikono iliyashika. Akiosha miguu, yanatoka yenye miguu iliyaendea. Fikiria sasa siku yako. Uso: simu yenye ulikuwa unaangalia usiku wa manane. Mkono: ile karatasi ya kunakili uliyompitishia jirani kwenye mtihani. Mguu: mahali penye ulienda na haukuambia mtu. Udhu unakulazimisha kupitia siku yako kiungo kwa kiungo, mara tano. Lakini wanazuoni wanaweka mpaka: ni madhambi madogo. Haki ya mtu haitoki kwa maji. Kama uliazima pesa ya mwenzako ya kulipia masomo na haujarudisha, hata uoshe ziwa Kivu lote liishe, deni iko palepale.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake Ihya aliandika mlango mzima juu ya siri za tohara. Anaipanga kwa ngazi nne: mwili na uchafu, viungo na madhambi, moyo na tabia mbaya kama kiburi na husuda, na ndani kabisa, siri ya mtu kutakata na kila kisicho Mungu. Halafu anawageukia watu wa zama zake kwa ukali. Anasema wa kwanza walitembea miguu chini kwenye matope na kuswali juu ya ardhi, wakashughulika na mioyo. Waliokuja nyuma wanapoteza saa nzima kwa maji na nguo huku ndani wamejaa majivuno. Ninawajua watu hao. Wanaosha mkono mara saba, wanarudi tena, wanauliza kama tone liligusa kiwiko. Tunaita wasiwasi, na ni ugonjwa wenye unatesa.

Na maji ile wanaimwaga! Anas bin Malik anaeleza kwamba Mtume alitawadha kwa mudi moja, ni kusema viganja viwili vya mtu vilivyojaa, karibu theluthi mbili za lita. Mimi nilijaribu kwa chupa ndogo ya maji. Inatosha, na unabaki na tone. Katika mji wenye watoto wanaamka saa kumi za usiku kupanga bidoni kwenye bomba, kijana anafungua robine ya msikiti na kuiacha inatiririka wakati anasimulia mpira. Hiyo si tohara yenye ninajua.

Sake tulikaa siku kadhaa, kila swala na vumbi yake, kwa sababu tayamamu moja haibebi swala mbili za faradhi kwetu Shafi. Mwenzangu alizoea. Siku ya pili akaniambia, "Muzee wenu yule, akipiga mikono, anafunga macho sawa mutu anapiga hodi." Sikumjibu. Nilikuwa sijaona kwamba anafunga macho.

Tuliporudi Goma, siku maji ilifika kwenye bomba ya karibu nilijaza ndoo nzima, nikatawadha polepole, mara tatu kila kiungo, na sunna zake zote. Nikaingia kwenye swala. Kwenye rakaa ya pili nikajikuta ninahesabu siku zenye zilibaki za kurudisha memuari.