Modemu zinauzika, lakini faida ni ya nani?

Mavuno ya mpunga yakiisha, fedha huzunguka mjini Ifakara, na wafanyabiashara wa Lipangalala wenye akiba huanza kuulizana habari za hisa. Kwa kuwa kila mtu anataka intaneti ya kasi, wengi hudhani kuwa anayetengeneza modemu hawezi kukosa faida. Historia ya biashara hiyo inaonyesha vingine.

Modemu ya kebo ni kisanduku kinachopitisha intaneti katika waya uleule unaoleta televisheni nyumbani. Huko Marekani, katika miaka ya 1990, kila kiwanda kilikuwa na modemu yake isiyoelewana na ya mwenzake, hivyo kampuni ya kebo iliyoanza na kiwanda kimoja ililazimika kubaki nacho. Mwaka 1997 kampuni za kebo zilitoa kiwango kimoja cha kiufundi, DOCSIS. Modemu ya kiwanda chochote ikaweza kutumika kwenye waya wowote uliofuata kiwango hicho, na bei zikaporomoka. Com21 ya California, iliyouza hisa kwa umma mwaka 1998, mwaka 2003 ilikwenda mahakamani kuomba ulinzi dhidi ya wadai. Wateja wa intaneti walikuwa wakiongezeka wakati wote huo. Mfanyabiashara wa mchele anaujua ugonjwa huu: mchele wa wote ukiwa wa daraja moja, mwenye kauli ni mwenye ghala na lori.

Afrika Mashariki nyaya za televisheni ni chache, na Zuku ya Nairobi ndiyo mfano unaojulikana zaidi. Lipangalala picha huingia kwa dishi au king'amuzi, na intaneti kwa simu. Kwa hiyo mwekezaji wa huku hana budi kuwatazama wenye njia, nao pia kwa tahadhari.

AccessKenya, kampuni ya intaneti, iliuza hisa mwaka 2007 kwa Sh. 10 za Kenya. Bei ilishuka chini ya hapo, hadi Dimension Data ilipoinunua mwaka 2013 kwa Sh. 14 na kuiondoa sokoni. Ukiacha gawio, ongezeko hilo ni chini ya asilimia 6 kwa mwaka, katika kipindi ambacho mfumuko wa bei nchini Kenya ulipita asilimia 10 mwaka 2011.

Kwa upande wa Tanzania, Mkongo wa Taifa uko chini ya TTCL, ambalo ni shirika la serikali, hivyo mwananchi hawezi kununua hisa zake. Vodacom Tanzania ilikuja sokoni mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu kuuza asilimia 25 kwa umma. Iliuza hisa milioni 560 kwa Sh. 850 na kukusanya Sh. bilioni 476. Baadaye bei ilisimama kwa muda mrefu kwenye Sh. 770. Mwenye hisa 1,000 aliyetaka kutoka wakati huo alipungukiwa na Sh. 80,000, kabla ya ada ya dalali na bila kuhesabu gawio, tena kama mnunuzi alipatikana.

Hilo la mnunuzi ndilo zito kwa mtu wa Kilombero, anayehitaji fedha taslimu mvua zikikaribia, kwa ajili ya trekta na mbegu. Kabla ya kuuliza bei, na amuulize dalali ni hisa ngapi za kampuni hiyo zilizobadilishwa mikono wiki iliyopita.