Injini Kuukuu Katika Asubuhi za Kipupwe

Mtu aliyezaliwa Mombasa na kulelewa na joto la pwani haijui barabara tabia ya injini mpaka apande bara, akalala usiku mmoja wa Julai katika vilima vya Limuru, ambako mwinuko umepita mita 2,000 na ukungu wa alfajiri huligubika gari hata maji yakachuruzika juu ya boneti kana kwamba mvua imenyesha. Mimi nilifunzwa hayo na Morris Minor yenye injini ya sentimita za ujazo 1,098, gari ambalo huko pwani halikupata kunikatalia hata siku moja, lakini lililohamia Limuru pamoja nami likawa, kila kipupwe kiingiapo, linaguna mara mbili tatu kisha linanyamaza. Majirani walinipa rai zao, nazo zote zilikuwa moja: vuta choki, kanyaga mafuta. Rai hiyo hutolewa kwa nia njema, lakini aghalabu huelekezwa mahali pasipo na ugonjwa. Kwani yale maradhi madogo ambayo joto humsitiria mwenye gari, baridi huyafichua, na mengi yao yamo katika umeme.

Tuanze hata hivyo na petroli, maadamu ndiyo inayotuhumiwa kwanza. Injini haichomi petroli ya majimaji, bali mvuke wake uliochanganyika na hewa, kwa kadiri ya sehemu 15 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli kwa uzani. Baridi ikizidi, ile sehemu nyepesi tu ndiyo igeukayo mvuke, na iliyobaki hutona katika kuta za bomba la kuingizia hewa; ndipo ikabuniwa choki, ili petroli iingie kwa wingi na katika wingi huo upatikane mvuke wa kutosha. Katika kabureta nyingi za zama zile choki ni kibati kinachoziba mdomo wa hewa. Katika kabureta ya SU, kama ile ya Morris, hakuna kibati, bali ukivuta choki kijibomba cha petroli huteremka, kikajitenga na sindano yake, na njia ikapanuka. Kabureta hiyo haina pampu inayoendeshwa na pedali, kwa hiyo mwenye kuikanyaga mara kumi kabla ya kuwasha haongezi hata tone moja. Tena huko juu hewa ni pungufu kwa takriban moja ya tano, na kabureta iliyopimwa pwani huwa tayari inatoa petroli iliyozidi. Choki ikivutwa kwa muda mrefu, plagi hulowa, na plagi iliyolowa haitoi cheche.

Sasa umeme. Tangu Charles Kettering alipoitia stata ya umeme katika magari ya Cadillac mwaka 1912, dereva alipumzika na taabu ya kuzungusha injini kwa mkono, lakini betri ikabebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja: kuizungusha injini, na kuipa koili nguvu ya kutoa cheche. Betri ya risasi na asidi, joto likishuka hadi nyuzi 0, hubakiwa na theluthi mbili hivi za nguvu yake. Limuru kwa kawaida haifikii huko, lakini njia ni hiyo hiyo. Oili nayo huwa nzito. Mwenye kutaka ushahidi na apande na chupa ya mafuta ya nazi kutoka Mombasa, aone yatakavyoganda chupani kama nta. Basi stata hunyonya umeme mwingi zaidi kutoka kwa betri iliyodhoofika, volti 12 hushuka chini ya 9, na koili hupata masazo, ikatoa cheche hafifu katika saa ile ile ambayo mchanganyiko mbichi unahitaji cheche kali.

Asubuhi moja, baada ya kuhangaika na stata, nilishika waya wa choki nikaukuta una moto wa kuunguza. Hapo nikafahamu. Injini hukalia vikalio vya mpira, na umeme wa stata hurudi kwenye betri kwa kupitia ukanda wa nyaya za shaba uunganishao injini na bodi. Ukanda wangu ulikuwa umeliwa na kutu, na umeme, ulipokosa njia yake ya halali, ukapita katika waya mwembamba wa choki. Kitu nilichokuwa nikikivuta kila alfajiri kwa kukidhania dawa kilikuwa kinabeba mzigo wa stata! Nilipofuatilia zaidi nikagundua kwamba fundi mmoja alikwisha kubadilisha waya mkuu wa betri akaweka ulio mwembamba kuliko ule wa asili, nao kwa joto la pwani ulitosha. Nyaya mpya na ukanda mpya viliponya maradhi ya miaka miwili.

Kwa hiyo namsihi kila mwenye gari kuukuu apime kabla ya kulaumu kabureta. Mtu mmoja awashe stata, mwingine aweke ncha moja ya kipima volti kwenye chuma cha injini na ya pili kwenye kichwa cha betri kile kilichounganishwa na bodi. Ikisoma zaidi ya nusu ya volti, njia imeharibika. Aangalie vile vile kichwa hicho ni kipi, kwani magari mengi ya Kiingereza ya wakati ule yaliunganisha upande wa chanya na bodi, na anayeazima umeme wa gari jingine bila kulijua hilo huweza kuleta hasara kubwa. Pointi za distributa ziachane milimita 0.38, plagi 0.6, na kifuniko cha distributa kifutwe ndani kwa kitambaa kikavu, kwa sababu unyevu wa ukungu huitorosha cheche. Oili ya 20W-50 yafaa.

Vikisha kutengenea hivyo, kuwasha ni jambo la sekunde chache. Nakanyaga klachi ili stata isibebe na uzito wa oili ya giaboksi, navuta choki yote, mguu naweka mbali na pedali ya mafuta, nawasha. Isipoitika kwa sekunde tano naipumzisha betri nusu dakika. Ikiisha kunguruma naanza kurudisha choki kidogo kidogo, kwani petroli isiyoungua huosha oili katika kuta za silinda na kuteremkia chini ya injini, na jioni nikikichomoa kijiti cha kupimia oili nikakinusa kina harufu ya petroli, najua asubuhi ile nilichelewa kuirudisha.