Wenzako Wamelipwa, Wewe Umerukwa: Kwa Nini?

Tuseme karakana ya useremala pale Umoja Innercore ina mafundi 40. Mwajiri anapakia orodha moja, anathibitisha mara moja, na simu 39 zinaita. Ya 40, kimya. Hapo ndipo tunapopigiwa: "Mbona wengine wamepata?"

Malipo ya pamoja hupitia orodha jina kwa jina. Fikiria konda wa matatu ya Umoja. Akifika kwa abiria ambaye bado anatafuta nauli, hasimamishi kazi. Anaruka kiti hicho, anaendelea na kinachofuata. Katika PL/SQL, lugha ya Oracle ya kuandikia programu ndani ya hifadhidata, amri ya kuruka hivyo ni CONTINUE. Iliingia na toleo la 11g mwaka 2007, mwaka uleule M-Pesa ilipozinduliwa Kenya. Kabla ya hapo wengi walitumia GOTO kurukia mwisho wa mzunguko. Ilifanya kazi, lakini kuisoma ilikuwa shida. Kuna EXIT pia, ila hiyo ni konda kuacha kukusanya kabisa: nambari moja mbovu, na wote waliobaki wanakosa mshahara.

Sasa, mahali amri inapowekwa ndipo penye pesa. CONTINUE yenyewe hairudishi kilichokwisha fanyika. Mfumo ukikata mshahara kwa akaunti ya mwajiri kwanza, halafu ndio ugundue laini ya fundi imefungwa na uruke, pesa zimetoka na hazijafika popote. Kwa hivyo ukaguzi lazima utangulie: laini iko hai? Kiasi kinazidi sifuri? Na kabla ya kuruka, jina liandikwe kando pamoja na sababu. Bila rekodi hiyo, konda amesahau abiria, na jioni hesabu haishikani.

Mwajiri, tafadhali usitume orodha nzima tena! Wale 39 wanaweza kulipwa mara mbili, na kuomba watu 39 wakurudishie pesa si mchezo. Fungua ripoti ya waliorukwa, rekebisha, tuma ya huyo mmoja pekee.

Na wewe fundi, kabla hujamkasirikia bosi, muombe akusomee sababu iliyoandikwa kando ya jina lako. Inaweza kuwa tarakimu moja tu, au ulibadilisha laini bila kumwambia.