Je, Wajua? Kompyuta Yako ya Mpanda Ina Anwani Zaidi ya Moja

Mwaka 2022, wakati wa Operesheni ya Anwani za Makazi, nyumba nchini zilipewa namba na mitaa ikawekewa vibao. Kompyuta na ruta zina anwani zao pia, ziitwazo IP, ila hakuna anayezibandika mlangoni. Je, wajua kwamba:

1. Huhitaji fundi kuzipata? Kwenye Windows, bonyeza kitufe cha Windows, andika cmd, kisha Enter. Likifunguka dirisha jeusi, andika ipconfig na ubonyeze Enter tena. Mstari wa IPv4 Address unaonyesha anwani ya kompyuta, tuseme 192.168.1.7. Chini yake kuna Default Gateway: hiyo ni ya ruta, mara nyingi 192.168.1.1 au 192.168.0.1. Iandike kwenye kivinjari, na ukurasa wa ruta utafunguka ukidai nywila. Kama bado ni ile iliyobandikwa chini ya ruta tangu dukani, ibadilishe leo hii.

2. Simu yako nayo ni ruta? Ukiwasha hotspot ili laptopu ipate bando, simu ndiyo inayogawa anwani. iPhone hujipa 172.20.10.1, Android nyingi za zamani, 192.168.43.1. Laptopu ya Windows ikigawa intaneti hujiita 192.168.137.1. Fundi mzoefu akiona namba tu, anajua intaneti inatoka wapi.

3. Jirani yako anaweza kuwa na namba ileile, na msigombane? Hapa Mpanda, duka la Makanyagio na gesti ya Kashaulili vinaweza vyote kuwa na ruta ya 192.168.1.1. Mfumo wa IPv4, uliowekwa mwaka 1981, una anwani bilioni 4.3 hivi, pungufu ya idadi ya watu duniani leo. Kwa hiyo Februari 1996 mafungu matatu yalitengwa rasmi kwa matumizi ya ndani: yanayoanza na 10, yanayoanza na 192.168, na yale ya kuanzia 172.16 hadi 172.31. Hizo haziruhusiwi kutembea kwenye intaneti, ndiyo maana kila mtu anazitumia bila kugongana.

4. Huko nje unaonekana kwa namba nyingine kabisa? Hiyo ni ya kampuni inayokuuzia intaneti. Barani Afrika mgawaji mkuu ni AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Tarehe 3 Februari 2011, mafungu makubwa matano ya mwisho ya IPv4 yaligawiwa kwa wasajili watano wa dunia, na Afrika ikapata linaloanza na 102. Kwa uhaba huo, kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ndiyo maana tovuti inaweza kudai uko Dar es Salaam wakati umekaa stesheni ya Mpanda, mwisho wa reli inayotoka Kaliua: inahesabu pale data za kampuni zinapotokea kwenda duniani, haioni mnara wako.

5. Namba 169.254 ni dalili ya tatizo? Ukiona anwani ya kompyuta inaanza hivyo, ujue iliiomba ruta namba, ikakosa jibu, ikajipa yenyewe. Usikimbilie kununua bando. Kagua waya, kisha zima ruta na uiwashe tena.

6. Umeme ukikatika, printa inaweza kupotea? Ruta hugawa namba kwa muda tu. Steshenari inachapa vizuri asubuhi. Umeme unakatika, unarudi, printa inapewa namba mpya, na kompyuta inaendelea kuitafuta kwa ile ya zamani. Wateja wanapanga foleni, printa ni nzima. Dawa ni kuiambia ruta iitengee printa namba moja ya kudumu, kwa kutumia utambulisho wake wa kiwandani uitwao MAC. Wa printa hupatikana kwenye ukurasa wake wa mipangilio. Wa kompyuta utauona kwa ipconfig /all, kwenye Physical Address. Una herufi na tarakimu 12, na sita za mwanzo humtaja mtengenezaji.

7. Simu za siku hizi huficha MAC yao halisi? Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu huweza kutoa MAC ya kubuni kwa kila Wi-Fi. Mwenye gesti akimfungia mgeni kwa MAC, mgeni hubadili mpangilio mmoja na kurudi. Kubadili nywila kunafaa zaidi.

Basi fundi akikupigia na kuuliza, "IP yako ngapi?", nawe muulize: ya kompyuta, ya ruta, au ya nje? Akijibu "yoyote tu", tafuta fundi mwingine.