Waya wa sabufa: wa bei nafuu unatosha, ukichaguliwa vizuri

Waya wa RCA, ule wenye pini nyekundu na nyeupe kila upande, ndio unaounganisha televisheni, deki, king'amuzi au simu na ampu au sabufa katika nyumba nyingi za Karatu. Jina lake linatokana na Radio Corporation of America, kampuni ya Marekani iliyoanza kuutumia miaka ya 1930 kuunganisha santuri na redio. Pini nyekundu ni ya upande wa kulia na nyeupe ni ya kushoto. Umeme unaopita humo ni mdogo sana: mashine ya CD hutoa takribani volti 2, na simu kwa kawaida hutoa pungufu ya hapo. Kwa sababu hiyo, kelele yoyote inayoingia njiani hukuzwa na ampu pamoja na muziki. Waya mzuri ni ule unaozuia kelele hiyo na usiokatika mapema.

Ndani ya waya mna nyuzi za kati zinazobeba muziki, plastiki inayozizunguka, kinga ya chuma, kisha ganda la nje. Kinga ndiyo inayostahili kuangaliwa kwanza. Iliyosukwa kama wavu hustahimili kukunjwa. Iliyozungushwa tu hulainisha waya, lakini ikiwa nyuzi zake ni chache huachana na kuacha mianya. Karatasi ya alumini huzuia kelele vizuri, ila huchanika waya ukikunjwa mara kwa mara. Kwa waya unaochomekwa na kuchomolewa kila siku, kama ule wa simu wenye jeki ya milimita 3.5, wavu uliosukwa kwa nyuzi nyembamba nyingi ndio chaguo la busara.

Nyaya nyingi za bei ya chini zina alumini iliyopakwa shaba. Kwa umbali wa mita moja au mbili muziki hupita bila tatizo, kwa sababu ampu huhitaji umeme kidogo mno kutoka kwenye waya huo. Udhaifu wake ni kwamba alumini hukatika upesi ikikunjwa, na fundi hupata shida kuilehemu. Uzi ukikwaruzwa kwa kisu na ndani ukaonekana mweupe ilhali juu ni mwekundu, si shaba tupu. Sumaku haisaidii hapa, kwa kuwa haivuti shaba wala alumini.

Ulaini wa waya una uzito wake katika ukanda huu. Mji wa Karatu uko kwenye mwinuko wa mita 1,500 hivi, na ukingo wa kreta ya Ngorongoro unazidi mita 2,200, ambako usiku huwa wa baridi kali. Plastiki ya kawaida hukakamaa kwenye baridi. Waya mnene na mgumu, ukibanwa kati ya kabati na ukuta, husukuma tundu la ampu hadi viungo vya risasi ndani vikaachia. Waya mwembamba unaojikunja bila kulazimishwa, wenye mpira wa kuulinda pale unapoingia kwenye pini, hudumu zaidi.

Kiangazi huleta vumbi jekundu ambalo huingia hadi kwenye matundu ya ampu. Pini inapaswa kukaza bila kulazimisha. Rangi ya dhahabu kwenye pini haiongezi utamu wa muziki. Faida yake ni kuzuia kutu. Pini za nikeli nazo zinafaa, mradi zifutwe kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, vyombo vikiwa vimezimwa.

Kuhusu urefu, waya wa kawaida wa mita 3 bado hupitisha sauti zote ambazo sikio la binadamu husikia, yaani kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Hata hivyo, waya unaozidi mahitaji huchukua nafasi na kuongeza njia ya kelele kuingia, hivyo inafaa kupima umbali kabla ya kwenda dukani. Mashine ya santuri ni ya pekee: umeme wake ni sehemu chache tu za elfu moja za volti, kwa hiyo inahitaji waya mfupi wenye kinga nzuri.

Kelele nyingine hazitokani na waya kabisa. Mvumo mzito usiokoma mara nyingi ni wa umeme wa hezi 50 unaozunguka kati ya vyombo viwili, na hupungua vyote vikichomekwa kwenye ekstensheni moja. Katika nyumba zinazotumia sola, inveta za bei ya chini na chaja ya simu huweza kuleta mlio. Simu ikitolewa kwenye chaja mlio ukakoma, chanzo kimejulikana. Pini ya ethi ya plagi haipaswi kukatwa kwa ajili ya kuondoa mvumo, kwani ndiyo inayomkinga mtu na umeme.

Kabla ya kulipa, mnunuzi na aombe waya ujaribiwe dukani. Muziki ukipigwa kwa sauti ya chini, waya utikiswe karibu na kila pini. Sauti ikikwaruza au upande mmoja ukipotea, waya huo uachwe. Fundi mwenye mita apime pini ya kati hadi ya kati na pete hadi pete, na ahakikishe pini na pete havigusani. Waya unaopita majaribio hayo, hata uwe wa bei ya chini, unatosha kwa nyumba ya kawaida. Fedha inayobaki ni heri iwekwe kwenye spika, kwa maana huko tofauti ya sauti husikika kweli.