Valencia: Urithi wa Waislamu Uko Mifereji­ni

Anayetaka kuona alama za Waislamu nchini Hispania huelekezwa kwanza Granada, kwenye majumba ya Alhambra, kisha Córdoba, kwenye Msikiti Mkuu uliogeuzwa kanisa mwaka 1236. Valencia hutajwa mwishoni, ikiwa itatajwa kabisa. Sababu yake inaeleweka: msikiti mkuu wa Valencia haupo tena, mahali pake pamejengwa kanisa kuu, na ukuta wa kale wa mji umebaki vipande vipande kati ya nyumba. Hata hivyo, nashikilia kwamba kwa mtu anayetaka kujua jinsi Waislamu wa Andalusi walivyoishi wao kwa wao, Valencia ina mengi zaidi ya kufundisha. Granada na Córdoba zimehifadhi majengo ya kutazamwa. Valencia imehifadhi desturi ambayo watu wangali wanaitenda, nayo ni desturi ya kugawana maji.

Kila Alhamisi saa sita mchana, mbele ya Mlango wa Mitume wa kanisa kuu, hukutana Baraza la Maji. Wajumbe wanane, wanaowakilisha mifereji inayotoa maji katika mto Turia, huketi kwenye viti vya mbao wakiwa wamevaa majoho meusi ya wakulima. Tarishi wa baraza hutaja mifereji mmoja baada ya mwingine na kuuliza kama yupo aliyeshtakiwa. Mashauri husikilizwa kwa mdomo tu, kwa lugha ya Kivalencia, bila mawakili wala mafaili, na hukumu hutolewa papo hapo wala haikatiwi rufaa. Wajumbe huchaguliwa na wakulima wenzao, na sharti wawe watu wanaolima mashamba yao wenyewe. Shauri likihusu mfereji wa ukingo mmoja wa mto, wanaopendekeza hukumu ni wajumbe wa ukingo wa pili, na mjumbe wa mfereji husika hukaa kando. Kwa njia hiyo jirani hamhukumu jirani yake kwa chuki, wala hamwachii kwa upendeleo.

Baraza hilo lina nguvu kwa sababu limesimama juu ya kanuni ambazo kila mkulima anazijua tangu utotoni. Maji hugawanywa kwa mafungu ya mto, si kwa kipimo kisichobadilika: mto ukijaa kila mmoja hupata zaidi, ukikauka wote hupungukiwa kwa uwiano uleule. Haki ya maji hufuata shamba, kwa hiyo tajiri hawezi kununua maji ya maskini na kumwachia ardhi kavu. Anayenufaika na mfereji huchangia kuusafisha na kuutengeneza. Makosa yanayofikishwa barazani yanatokana na kanuni hizo hizo: kufungulia maji nje ya zamu, kuyaacha yafurike shambani kwa mwingine, kutosafisha sehemu yako. Elinor Ostrom, aliyepata tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2009, aliitumia mifereji ya Valencia katika kitabu chake cha mwaka 1990 kuwa ushahidi kwamba watu wanaweza kutunza mali ya pamoja kwa karne nyingi bila kumkabidhi mfanyabiashara mmoja wala kuitegemea serikali kwa kila jambo.

Kuna watakaouliza: tunajuaje kwamba haya ni ya Waislamu? Warumi walichimba mifereji Hispania kabla yao, na simulizi kwamba baraza lilianzishwa mwaka 960, enzi ya Khalifa Abd al-Rahman wa Tatu, halina hati ya wakati huo ya kulithibitisha. Pingamizi hili ni la haki, na mwaka ule hauna haja ya kutetewa. Kuchimba mfereji si siri ya taifa moja. Wachagga walichimba mifongo yao kwenye miteremko ya Kilimanjaro bila kufundishwa na Mwarabu wala Mrumi. Linalobishaniwa ni utaratibu wa kugawana, na hapo mashahidi ni washindi wenyewe. Mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragón aliuteka mji mwaka 1238, na muda mfupi baadaye aliwapa wakazi wapya mifereji hiyo kwa sharti kwamba maji yatumiwe kama ilivyokuwa desturi zama za Waislamu. Mtekaji aliyebadilisha dini ya mji, sheria zake na wamiliki wa ardhi yake alikiri kwamba katika jambo la maji hakuwa na lililo bora la kuweka.

Ushahidi wa pili ni mchungu zaidi. Mwaka 1609 Mfalme Felipe wa Tatu aliamuru wafukuzwe Wamorisko, yaani vizazi vya Waislamu waliolazimishwa kubatizwa. Amri iliyotangazwa Valencia iliruhusu kaya sita katika kila mia zibaki, ili zitunze nyumba, viwanda vya sukari, mavuno ya mpunga na mifereji, na kuwafundisha wageni watakaokuja. Ruhusa hiyo haikudumu. Kufikia mwaka 1614 watu wapatao 300,000 walikuwa wamefukuzwa Hispania, na ufalme wa Valencia peke yake ulipoteza takriban theluthi moja ya wakazi wake. Kwa hiyo wapo wanaosema kwamba kuisifu desturi ya maji ni kuipaka dhuluma rangi nzuri, kana kwamba watu hao hawakuondoka kabisa. Naiheshimu hoja hiyo, lakini naona desturi yenyewe ndiyo inayowashtaki waliofukuza. Waliutaka ujuzi na wakawakataa wenye ujuzi. Mgeni anayesimuliwa habari za baraza bila kusimuliwa habari za mwaka 1609 amepewa nusu ya ukweli.

Pingamizi la mwisho ni kwamba baraza limekuwa tamasha la watalii, maana Alhamisi nyingi hakuna shauri hata moja na watu hutawanyika baada ya dakika chache. Lakini uchache wa mashauri si dalili ya kufa. Migogoro mingi humalizwa shambani na walinzi wa mfereji kabla haijafika mjini, kwa sababu kila mtu anajua ikifika itaamuliwaje. Sheria ya mahakama ya Hispania ya mwaka 1985 inalitambua baraza hili kwa jina, na UNESCO ililiingiza katika orodha ya urithi usioshikika mwaka 2009. Hatari ya kweli iko kwingine: jiji linazidi kumeza mashamba, na mfereji usiomwagilia shamba hauhitaji mwamuzi. Ndiyo maana sheria ya jimbo ya mwaka 2018 ya kulinda mashamba yanayoizunguka Valencia ina uzito kuliko cheti chochote. Anayezuru mji huo asiishie mlangoni pa kanisa kuu. Avuke hadi mashamba ya Alboraia, kaskazini mwa jiji, auone mfereji ukifanya kazi, kwani urithi huu utadumu kadiri watakavyokuwepo wakulima wa kuutumia.